Siku Kwemkwazu Yote Ilipopanda Treni

Sisi tuliozaliwa kabla ya kila nyumba kuwa na saa ya ukutani tulikuwa na treni, na ilitutosha. Ya kutoka Tanga ikipiga honi kule kwenye kona ya mashamba ya mkonge, mama zetu walijua ni wakati wa kuinjika maharage, na walimu walijua hakuna tena cha kufundisha, maana darasa zima lilikuwa limeshageuza shingo kuelekea dirishani. Ikichelewa, na ilichelewa mara nyingi kuliko ninavyokubali mbele ya wajukuu, maharage nayo yalichelewa na hakuna aliyenuna. Kijana wa leo mtandao ukimgomea kidogo tu anatikisa simu kama anayemwamsha mgonjwa. Sisi tulisubiri treni nusu siku tumekaa juu ya magunia, tukala, tukasinzia, wengine wakachumbiwa palepale, na ilipofika tuliipokea kwa vigelegele kana kwamba imewahi.

Stesheni yetu iliitwa Kwemkwazu, kituo cha mwisho kabla ya kuingia Korogwe ukitokea Tanga. Usijisumbue kuikumbuka. Hata enzi zake ilikuwa ndogo kiasi kwamba abiria aliyeinama dirishani kufunga kiatu aliweza kupita bila kujua kama amepita mahali. Palikuwa na jengo moja la mawe lenye paa la bati, ofisi, kidirisha cha tiketi, benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu, mizani ya kupimia vifurushi, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, ambacho ndicho kilikuwa kengele. Wazee walitueleza kwamba kituo kilijengwa wakati wa Mjerumani, nasi watoto tulijivuna tukidhani Mjerumani alitupenda. Kumbe alichopenda ni kijito chetu. Injini za moshi zilikuwa na kiu kali, basi likawekwa tangi kubwa juu ya nguzo ili zisimame zinywe. Watu wakaanza kupanda na kushuka injini inapokunywa, na hivyo ndivyo tulivyopata stesheni. Baadaye zikaja injini za dizeli zisizojali kijito cha mtu. Tangi likakauka, popo wakahamia ndani. Lakini treni ikaendelea kusimama kwa mazoea tu, nasi hatukuona haja ya kumkumbusha mtu yeyote.

Mkuu wa stesheni alikuwa Bwana Elinami, Mpare wa Same, mtu mwembamba mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Yeye ndiye alikuwa mkuu, ndiye muuza tiketi, ndiye mpima mizigo, ndiye mpiga kengele na ndiye mfukuza mbuzi, na kila kazi ilikuwa na sauti yake. Ukimwamkia shikamoo akiwa kwenye kidirisha, alijibu, "Marahaba, unakwenda wapi?" hata kama umetumwa na mkewe kumwita akale. Mama zetu walioona uvivu wa kutembea hadi zahanati walimletea watoto wachanga awapime kwenye mizani ya vifurushi. Alimweka mtoto juu ya chuma kile baridi, akasoma uzito kwa sauti ya serikali, kisha akauliza, "Mzigo unakwenda wapi?"

Kila kitu kilipita mikononi mwake. Magazeti ya jana ambayo kwetu yalikuwa ya leo. Dawa za zahanati, chaki za shule, vifaranga ndani ya maboksi yenye matundu, mafuta ya taa, barua za waume waliokwenda kukata mkonge wakasahau njia ya kurudi. Wakulima wa Kwedizinga walifika na baiskeli zilizobebeshwa mahindi mpaka hukuona baiskeli, uliona gunia linatembea na miguu miwili nyuma yake. Siku moja kilishushwa kitanda cha bi harusi, cha chuma, chenye maua ya shaba, na kijiji kizima kikakisindikiza mpaka kwa wenyewe. Bwana harusi hakuwa bado amepatikana, lakini kitanda kilikuwa kimeshafika, na watu wakaona hilo ndilo gumu zaidi.

Sisi watoto tulikuwa na huduma zetu wenyewe. Tulipanga vizibo vya soda juu ya reli, treni ikapita, tukavikuta vimekuwa bapa kama sarafu, tukavitoboa na kuvitia uzi, vikazunguka na kuvuma. Tulilaza masikio kwenye chuma kusikiliza kama treni inakuja, na mama zetu walipiga kelele kutoka vibarazani, "Wewe! Hilo sikio ulipewa la nyama, usilirudishe la chuma!" Tulicheza treni kwa kushikana viuno, na kila siku tuligombana kwa sababu wote tulitaka kuwa injini na hakuna aliyetaka kuwa behewa la mizigo. Wajukuu zangu nao wana treni, imo ndani ya simu. Ikianguka wanabonyeza, inaanza upya. Sisi ukianguka ulichubuka goti, ukapakwa majivu, na nyumbani ukaongezewa viboko kwa kupoteza majivu ya watu.

Nilikuwa nalelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwajuma. Baba nilimjua kwa picha tu. Mama alikuwa fundi cherehani Tanga, katika duka la nguo, na kila mwisho wa mwezi alikuja kwa treni Jumamosi akiwa na mkate, sabuni ya kunukia na gauni alilolishona kwa vipande vilivyobaki, ambalo kila mara lilikuwa kubwa kwangu. "Utalikulia," alisema. Nililala kifuani kwake, na kesho yake jioni treni ya kushuka, ile ya kurudi Tanga, ilimchukua. Maisha yangu yote ya utoto yalikuwa katikati ya treni hizo mbili.

Bibi alikuza familia kwa vitumbua. Alivichoma alfajiri, vya mchele na iliki, akavipanga kwenye sinia na kuvifunika kwa kitambaa cheupe, na treni iliposimama alitembea chini ya madirisha akiita kwa sauti ambayo hakuwa nayo nyumbani. Abiria walimjua. Walikuwepo waliosinzia kutoka Tanga wakaagiza waamshwe Kwemkwazu kwa ajili ya sinia lile. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amepanda treni hata mara moja. Alitoka kwao Kwedizinga akiwa bi harusi, kwa miguu, chungu kichwani, na alipoulizwa kwa nini hasafiri alijibu, "Treni ni ya watu wanaokwenda. Mimi nimeshafika."

Basi, siku moja ya kiangazi, nikiwa darasa la tatu, Bwana Elinami alitoka ofisini bila kofia.

Hatukuwa tumewahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa na upara mdogo wa duara, mweupe kama kisosi, na hapo hata sisi watoto tukajua jambo ni zito. Alikuwa ametoka kusikiliza ile simu ya reli ya kuzungushwa mkono. Alivuka njia moja kwa moja hadi dukani kwa Mzee Kanji, duka pekee lililotazamana na stesheni. Mzee Kanji alikuwa Mhindi aliyezaliwa Korogwe, aliyekijua Kizigua kuliko vijana wengi wa Kizigua wa sasa, na baraza lake ndilo lilikuwa bunge letu. Watu wakakusanyika. Bibi alikwenda na sinia lake kichwani, nami nyuma yake.

"Mkaguzi anakuja Jumatano," akasema Bwana Elinami. "Wakubwa wa reli wanataka kujua vituo vidogo vina abiria au havina. Pasipo na abiria, treni itakuwa inapita tu."

"Inapita tu vipi?" akauliza Bibi.

"Inapiga honi, Bi Mwajuma, inapita."

Mzee Kanji akaacha kukunja kanga. "Elinami, Jumatano ya kawaida hapa wanapanda watu wangapi?"

Bwana Elinami akakohoa. "Jumatano ya kawaida napanda mimi. Kwenye ngazi, kufuta taa."

Ilikuwa kweli. Watu wa Kwemkwazu walipokea, walituma, waliuza, walitazama, lakini kusafiri hawakusafiri sana. Waliipenda treni kama watu wanavyopenda mvua, wakiwa barazani.

"Basi Jumatano hii tunasafiri," akasema Mzee Kanji. "Wote."

"Kwenda wapi?" mtu akauliza.

"Korogwe."

"Kufanya nini?"

"Kusafiri!"

Wakacheka, kisha wakaona kwamba mzee hacheki. Mizigo ya duka lake yote ilikuja kwa reli. Bila reli ingebidi aifuate Korogwe kwa mkokoteni. Mmoja akasema ana shangazi Masuguru, palepale Korogwe, hajamwona tangu masika, mwingine akasema atapeleka jembe likatiwe mpini, na mambo yakaanza kupangika. Mwalimu mkuu akasema wanafunzi wataenda safari ya masomo. Tulishangilia kabla hajasema tutajifunza nini.

Bibi akasema yeye hamo. Atasimama palepale na sinia lake kama siku zote.

"Bi Mwajuma," akasema Mzee Kanji kwa upole, "mkaguzi akikuona na sinia, ataandika kwamba hapa kuna muuzaji. Yeye anatafuta msafiri."

"Basi ahesabu vitumbua."

Watu wakacheka tena, na yeye hakucheka. Akageuka akanitazama, nilipokuwa nimesimama nikilamba vidole. Alinitazama muda mrefu mpaka nikadhani nimekosea jambo. Kisha akawageukia wale wazee. "Ikiwa haisimami, mama yake huyu atashuka wapi?"

Kesho yake Bibi aliuza jogoo wake, yule mwekundu aliyekuwa akiringa naye hata mbele ya wageni, akaenda kwenye kidirisha cha tiketi. Bwana Elinami akamuuliza, "Unakwenda wapi?" na kwa mara ya kwanza tangu amjue akapata jibu.

Jumatano ile nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu, na wanaonitazama wanadhani uzee umeingia. Bwana Elinami alikuwa amepaka chokaa mawe yote ya kuzunguka jengo, na mbuzi mmoja aliyezubaa. Mzee Kanji alikuja na suti nyeupe aliyoivaa mara ya mwisho siku ya ndoa yake. Kifungo cha juu kilikuwa kimekataa katakata, kwa hiyo alikishikilia kwa mkono kama mtu anayeapa. Alikata tiketi ya daraja la kwanza, akisema mkaguzi lazima atakaa huko na ni vizuri akutane na mtu wa heshima. Kina mama walibeba masanduku ya safari. Masanduku yalikuwa matupu, na upepo ulipovuma moja liliondoka mkononi mwa mwenyewe likabiringika hadi kwenye reli, na mtu mzima akalikimbilia akipiga kelele, "Nguo zangu! Nguo zangu!" kwa ajili ya kulinda heshima. Kulikuwa na mwanamume aliyekuja na beberu wake. Alipoulizwa anampeleka wapi alisema anampeleka kusalimia.

Likatokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Wote tulikuwa wasafiri, hapakuwa na wa kutuaga. Stesheni bila waagaji inatia shaka. Wakateuliwa wazee wawili wabaki, wapunge mkono na ikiwezekana walie. Treni ilipokuja kuondoka mmoja wao alilia vizuri mno, kwa kwikwi, mpaka mkewe akateremka kwenye ngazi ya behewa kumbembeleza na nusura aachwe.

Treni ikaingia. Wote tukatumbua macho kumtafuta mtu mwenye tai na mkoba. Hakushuka mtu mwenye tai. Hakushuka mtu yeyote. Kwenye daraja la kwanza dirisha halikuwa na kichwa hata kimoja. Bwana Elinami alipepea bendera. Tulipanda tukiwa wanyonge, kama watu waliovalia sherehe iliyoahirishwa. Mzee Kanji alikaa daraja la kwanza peke yake njia nzima, na kifungo chake mkononi.

Bibi alifika kwenye mlango wa behewa la daraja la tatu, akavua kandambili, akanipa nizishike, akasimama chini.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Bibi," ikajibu sauti ya kiume kutoka ndani.

Hapo ndipo akapanda. Aliyejibu alikuwa mwanamume wa makamo, shati la mikono mifupi, makubazi miguuni, anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Akasogea. Bibi akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayekaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Sinia lilikuwa mapajani, maana hakuweza kuamka asichome vitumbua, hata siku ya kuwa msafiri. Treni ilipojivuta, alinikamata mkono akaanza kusoma dua zote alizozijua, na zilipokwisha akazirudia.

"Mara ya kwanza, Bibi?" akauliza yule bwana.

"Na ya mwisho, Mungu akijalia."

Akampa kipande cha chungwa. Bibi naye hakuwa mtu wa kupokea bila kutoa, akafunua kitambaa. Yule bwana akala kitumbua kimoja, akaomba cha pili. Na Bibi, akishapata mtu anayekula vizuri, alikuwa hawezi kuzuia mdomo.

"Leo mnasafiri wengi," akasema yule bwana. "Kuna harusi Korogwe?"

"Harusi gani, mwanangu," akasema Bibi. "Hawa wote hawaendi kokote."

Nikamfinya. Akanipiga kofi la mkononi bila hata kunitazama.

"Unamwona yule? Sanduku lake halina kitu. Yule mwenye beberu, jioni atarudi naye kwa miguu. Wale watoto wameambiwa wanajifunza. Tumeambiwa anakuja mkaguzi, na asipoona abiria anatunyang'anya treni. Basi tumevaa, tumepanda, na mkaguzi mwenyewe hakuja! Tumemfanyia karamu mtu asiyekuwepo." Akacheka, na nilihisi kicheko chenyewe kikigeuka katikati. "Mimi nimeuza jogoo wangu kwa ajili hiyo."

Yule bwana akaacha kumenya. "Wewe mwenyewe, Bibi, treni ina faida gani kwako, na husafiri?"

Bibi akanivuta akaniweka karibu zaidi. Nakumbuka mkono wake ulikuwa unanuka iliki.

"Huyu mama yake yuko Tanga, anashona nguo za watu. Kila mwisho wa mwezi anashuka pale kwetu, anamlaza mwanawe kifuani usiku mmoja, anaondoka. Treni isiposimama, mwanangu, huyu mtoto atakuwa anamwona mama yake dirishani tu. Kama picha. Na picha ya baba tunayo tayari, inatutosha."

Yule bwana akatazama nje, mashamba ya mkonge yakapita mistari kwa mistari. Baada ya kitambo akauliza, "Nauli wamelipiwa na nani?"

"Kila mtu kalipa yake. Sisi si watu wa kupanda bure."

Tulipofika Korogwe, kabla hatujainuka, nikaona kundi la watu wenye sare wamepanga mstari kwenye jukwaa, kofia kwapani. Yule bwana akapangusa kisu chake, akavaa makubazi vizuri, akashuka mbele yetu. Mstari mzima ukasema, "Shikamoo, mzee," na mmoja akampokea kijifuko chake akamwambia, "Tulidhani utakuwa daraja la kwanza, Mheshimiwa Mkaguzi."

Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa kasi vile. Bibi alishika nguzo ya mlango, sinia likamponyoka, vitumbua vilivyobaki vikabiringika chini ya miguu ya watu wenye sare. "Nimetuua," akasema polepole. "Nimetuua wote kwa mdomo wangu."

Yule bwana alisikia sinia likilia, akageuka. Akarudi mpaka kwenye ngazi, akainama, akaliokota akampa mkononi.

"Mwanangu," akasema Bibi, "mimi ni mzee. Wazee tunasema hovyo. Yale niliyosema uyaache humo humo kwenye behewa."

"Bibi, nilitumwa kuangalia kama Kwemkwazu kuna abiria," akasema. "Mtu aliyeuza jogoo wake, akalipa nauli, akapanda treni anayoiogopa, kama huyo si abiria, basi mimi sijui abiria ni nani. Nitaandika nilichokiona." Kisha akanigusa kichwani, akasema, "Mama akija, msalimie," akaondoka na kundi lake.

Wakati huohuo Mzee Kanji akatokea anahema, kifungo kimeshaanguka, suti imefunguka. "Mmemwona? Yuko wapi mkaguzi?"

Bibi akamtazama, akanitazama mimi. "Sisi tulikuwa tunakula machungwa," akasema.

Treni ya kushuka ilikuwa ya kesho, kwa hiyo walio na jamaa Masuguru walikwenda kulala huko, na sisi wengine tukarudi kwa miguu tukifuata reli. Niseme kweli, ile ndiyo ilikuwa safari. Watu walibeba masanduku matupu vichwani, kina mama wakaimba, watoto wakaruka taruma kwa taruma, yale mapande yanayobeba reli, na beberu akagoma kila penye kivuli. Watu walicheka safari yao wenyewe mpaka wakakaa chini. Bibi alitembea mbele, peku, kandambili mkononi. Nilimuuliza kama ana hofu. Akasema, "Mama yako aje kwanza, ndipo nitajua."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kijiji kizima kilikuwa stesheni, na hakuna aliyejifanya msafiri. Honi ikalia kwenye kona. Bwana Elinami akasimama na bendera, kofia imeshuka hadi nyusi. Ile treni ilikuja kwa kasi, kwa macho yangu ikiwa na kasi mno, nikaona behewa la kwanza linanipita, la pili linanipita. Kisha magurudumu yakalia, kile kilio cha chuma ambacho watu wa mjini huziba masikio wakikisikia, na mama yangu akateremka na mkate kwapani akiuliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" maana hakuwahi kupokewa na watu wote wale.

Bibi hakwenda kumlaki. Alikaa chini palepale juu ya mchanga, akajifunika uso kwa kanga.

Kwa miaka mingi baada ya hapo Mzee Kanji alieleza kwamba iliyookoa stesheni ni suti yake, Bwana Elinami akasema ni chokaa, mwalimu mkuu akasema ni nyimbo za wanafunzi, na yule mzee aliyelia kwa kwikwi hakulipia kahawa tena barazani maisha yake yote. Bibi aliwasikiliza wote akikoroga unga, akasema, "Kweli, kweli."

Treni ilisimama mpaka nikamaliza shule, mpaka nami nikaolewa na kushuka pale na watoto wangu mgongoni. Ilikuja kutuacha yenyewe taratibu. Barabara ikawa ya lami, mabasi yakawa yanapita Segera kama mchwa, abiria wakahama, na treni za watu zikapungua hadi zikanyamaza kabisa. Siku hizi zimerudi. Nakaa Masuguru na honi naisikia nikiwa kitandani. Zinasimama Korogwe, zinachukua watu, zinaondoka. Kwemkwazu zinapita tu.

Majuzi nilikuwa nakwenda Dar kumwona binti yangu, nikapandia basi Segera, nikapangiwa kiti na kijana mwenye vitu masikioni. Nilisalimia. Hakusikia. Nikafungua mkebe wangu wa vitafunio nikamkaribisha. Akatabasamu, akapunga kiganja kwamba hapana, akarudi kwenye simu. Basi zima lilikuwa hivyo, watu wamebanana mabega na kila mmoja yuko safari yake. Nikawaza kwamba mkaguzi yule angepanda basi hili, angeshuka bila kujua hata jina la aliyekaa naye.

Lakini mimi ni mjukuu wa Bi Mwajuma. Tulipopita Mkata nilianza kusimulia, kwanza kama ninayejisemea. Kijana akatoa kitu cha sikio moja. Kwenye suti ya Mzee Kanji akatoa cha pili.

"Daah, mama! Kwa hiyo bibi akamchana mkaguzi ukweli wote?"

"Wote."

"Na hakujua?"

"Angejuaje? Alikuwa amevaa makubazi."

Alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka. Akaniuliza mama yangu alikuja kweli, nikamwambia alikuja. Akasema mama yake naye yuko mbali, Mwanza, wanaonana kwenye simu kila siku. "Kila siku kabisa, namwona," akasema, kisha hakumalizia.

Baada ya hapo akafungua ramani kwenye simu yake, akaniomba nimwonyeshe hiyo stesheni iko wapi. Alitafuta kwa bidii, akivuta na kupanua kwa vidole. Akaiona Segera. Akaiona Korogwe, na mstari mwembamba wa reli ukitambaa kuelekea Tanga. Akaandika Kwemkwazu kwa namna moja, akaandika kwa namna nyingine.

"Haipo," akasema, na akanitazama, akaona uso wangu. "Labda ni mtandao, mama. Hapa porini mtandao ni wa shida."

Kijana mwenye adabu. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, itakuwa ni mtandao.